Kilo au Miguu? Uzito, Mazoezi na Mwendo wa Wazee wa Morogoro

Uwezo wa mzee kwenda mwenyewe sokoni, msikitini au kanisani hutegemea mambo matatu yanayokwenda pamoja: nguvu ya misuli ya mapaja na nyonga, hali ya viungo vyenyewe, hasa magoti, na uzito ambao miguu hiyo inaubeba kila hatua. Ushauri anaopewa, iwe barazani au katika chumba cha daktari, mara nyingi hushika jambo moja na kuacha mawili. Huyu anaambiwa apunguze mwili. Yule anaambiwa afanye mazoezi. Wa tatu anaambiwa ameshalima vya kutosha, sasa apumzike, watoto watamtunza. Kauli hizi haziwezi kumfaa mtu mmoja zote, na kuchanganywa kwake kuna madhara. Mzee anayepunguza kilo kwa njia mbaya huweza kuishia na miguu dhaifu kuliko aliyoanza nayo, na anayepumzishwa kwa mapenzi huweza kupoteza mwendo ndani ya majuma machache.

Morogoro inalionyesha suala hili kwa uwazi mkubwa. Mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kinachoutazama mji kina mita 2,138, na Kimhandu, kirefu kuliko vyote katika Milima ya Uluguru, kinapita mita 2,600. Kutoka tambarare za Kihonda hadi vijiji vya Mgeta ni safari ya saa chache tu, lakini miili ya wazee wa pande hizo mbili imetumika kwa namna tofauti kabisa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawaita wote kwa jina moja, yaani watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sensa ya 2022 ilihesabu takriban milioni 3.5 kati yao nchini kote. Jina hilo moja linaficha matatizo mawili yanayohitaji ushauri unaokaribia kupingana.

Uzee wa namna mbili chini ya mlima mmoja

Mlimani, mwendo ndio maisha. Shamba liko upande mmoja wa bonde, maji upande mwingine, na soko liko chini. Mwanamke anayeshuka alfajiri kutoka mashamba ya vijiji vya Ruvuma au Towero na mkungu wa ndizi juu ya ngata hufanya kazi ambayo wanasayansi wameisoma kwa makini. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya G.M.O. Maloiy na wenzake kwa wanawake wa Kikuyu na Kijaluo nchini Kenya. Ilionekana kwamba wanawake waliozoea kubeba waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia mikono mitupu. Kwa mwanamke wa kilo 60, huo ni mzigo wa kilo 12. Mwili uliozoea umejifunza kubana matumizi.

Vipimo hivyo, hata hivyo, vilihusu ardhi tambarare. Kwenye mteremko habari ni nyingine. Mguu wa mbele unapotua, goti hukunjwa kidogo, na misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikivutwa ili mwili na mkungu visiporomoke. Hapo misuli inafanya kazi ya breki. Vipimo vilivyochukuliwa na Kutzner na wenzake mwaka 2010, kwa vifaa vilivyowekwa ndani ya magoti bandia ya wagonjwa, vilionyesha kwamba kutembea tambarare hulibebesha goti takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi mara 3.2, na kushuka ngazi karibu mara 3.5. Mzee wa mlimani anaposema kupanda anaweza ila kushuka ndiko kunamuua, anaeleza kwa maneno yake kile ambacho vifaa hivyo vilipima.

Mjini hali imegeuka. Bodaboda hufika mlangoni, bajaji husubiri kona, na umbali uliokuwa ukitembewa kwa nusu saa sasa hukatwa kwa dakika tano. Mafuta ya kupikia, sukari, chapati na chipsi viko karibu na vinapatikana kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Tafiti za taifa za afya ya uzazi na watoto, ambazo hupima pia uzito wa wanawake walio katika umri wa kuzaa, zilionyesha mwaka 2015–16 kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kufikia 2022 walikuwa wamepita theluthi moja. Wanawake hao ndio wazee wa kesho, na magoti yao tayari yanabeba mzigo usioteremshwa sokoni.

Kinachopotea mwili unapozeeka

Misuli hupungua kwa umri, na nguvu hupungua kwa kasi zaidi kuliko misuli yenyewe. Mafuta hujipenyeza katikati ya nyuzi za misuli, mishipa ya fahamu inayoiamrisha hupungua, na nyuzi za haraka, zile zinazomwokoa mtu anapojikwaa, ndizo hutangulia kuondoka. Mtu anaweza kuwa na paja nene na bado akashindwa kuinuka.

Dalili za mwanzo hazionekani barabarani. Huonekana nyumbani, pale mzee anapoinuka kutoka kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi au mkekani baada ya kula, anaponyanyuka kutoka sijda, na zaidi chooni. Choo cha kuchuchumaa kinadai goti likunjwe hadi mwisho, kisha mapaja yaunyanyue mwili wote bila msaada wa mikono. Anayeanza kushika ukuta chooni ameshapoteza sehemu kubwa ya akiba yake, ingawa bado anatembea hadi sokoni na majirani wanamwona mzima. Familia nyingi hujibu kwa kununua kiti cha choo au kumwekea ndoo chumbani. Ni msaada wa huruma, na kwa mwenye maumivu makali ni wa lazima, lakini unaliondoa zoezi pekee la nguvu ambalo mzee huyo alikuwa amebaki nalo.

Kasi ya upotevu huo inatisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani watu 12 wenye afya njema, wenye wastani wa umri wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mzee aliyelazwa kwa malaria kali au homa ya mapafu, ambaye pia hali vizuri, hupoteza zaidi, na hapo ndipo simulizi nyingi za "alilazwa wiki mbili, hakuinuka tena" zinapoanzia.

Hoja ya kupunguza uzito

Wanaotanguliza uzito wana hesabu nzito upande wao. Uchunguzi wa Stephen Messier na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, kwa wazee wenye magoti yaliyosagika na uzito uliozidi, ulionyesha kwamba kila kilo 1 iliyopungua mwilini iliambatana na goti kupunguziwa takriban kilo 4 katika kila hatua. Mtu anayepunguza kilo 5 na kutembea hatua elfu chache kwa siku analiondolea goti tani nyingi za mgandamizo kabla jua halijazama. Mafuta ya tumboni pia hutoa kemikali zinazochochea uvimbe viungoni, kwa hiyo nafuu haitokani na uzito peke yake. Presha na sukari hushuka vilevile.

Udhaifu wa hoja hii umo katika swali ambalo mizani ya bafuni haiwezi kulijibu: ni kilo za nini zilizopungua? Mwili unaonyimwa chakula hauchomi mafuta pekee. Dennis Villareal na wenzake waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wazee 107 wenye kiribatumbo waliogawanywa katika makundi manne, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliopunguza chakula bila mazoezi walishuka uzito kwa asilimia 10, lakini pia walipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili na takriban asilimia 3 ya uimara wa mifupa ya nyonga. Mwendo wao uliboreka, kwa kuwa mzigo ulipungua kuliko nguvu. Lakini bei hiyo ya mifupa na nyama si ndogo kwa mtu wa miaka 70, na uzito unaporudi, kama unavyofanya kwa wengi, hurudi zaidi kama mafuta. Mzee anayefanya diet ya kukurupuka mara tatu katika miaka mitano huishia na uzito uleule na misuli pungufu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Viwango vya uwiano wa uzito na urefu vinavyotumika kliniki vilipangwa kwa watu wazima wote kwa jumla. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya takwimu za watu takriban 198,000 wenye miaka 65 na zaidi, ulionyesha kwamba hatari ya kufa ilikuwa ndogo zaidi kwa wenye uwiano wa karibu 27 au 28, yaani watu ambao chati ya ukutani ingewaita wazito, na kwamba hatari ilianza kupanda uwiano ulipokuwa chini ya 23. Unene kidogo uzeeni ni akiba ya siku za ugonjwa. Bibi aliyezoea kuona unene kuwa ishara ya neema na kukonda kuwa ishara ya maradhi hakukosea kabisa. Katika nchi yenye kifua kikuu na UKIMWI, na ambako saratani mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa, mzee anayepungua bila kukusudia ni wa kupelekwa hospitali, hata kama jamaa wanampongeza kwa kupendeza.

Hoja ya mazoezi bila kujali mizani

Kambi ya pili inasema mwache mzee na uzito wake, mpe nguvu. Ushahidi wake ni imara kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee dhaifu 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, katika makao ya wazee. Baada ya majuma 8, nguvu za miguu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na walitembea kwa kasi zaidi. Dhana kwamba misuli ya mzee haijengeki ilianguka hapo. Utafiti mkubwa wa LIFE, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuata watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89 kwa wastani wa miaka 2.6. Kati ya waliopewa mpango wa kutembea, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, walioshindwa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1. Kati ya waliopewa semina za afya tu, walikuwa asilimia 35.5. Tofauti hiyo si ya miujiza, lakini kila asilimia moja ni watu halisi wanaokwenda wenyewe dukani.

Kasoro ya kambi hii ni kuahidi kwamba jasho litaondoa kitambi. Jibu la wazi limetoka Tanzania penyewe, kwa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu zinazotumiwa na miili yao kwa siku nzima na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume wa Kihadza walitembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, lakini ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, jumla ya nguvu walizotumia haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Mwili uliozoea kazi hubana matumizi kwingineko. Katika utafiti wa Villareal, kundi la mazoezi pekee liliboreka mwendo lakini halikupungua uzito. Mzee wa Kihonda anayetembea asubuhi miezi mitatu akisubiri mizani ishuke, kisha akaacha kwa kukata tamaa, aliahidiwa kitu kisichokuwepo. Alichokuwa akipata, yaani miguu na moyo wenye nguvu, hakuna aliyemwambia akipime.

Je, kulima hakutoshi?

Hoja ya tatu husikika zaidi vijijini: watu wa mlimani wanatembea na kulima maisha yao yote, mazoezi ya nini tena? Kuna ukweli mkubwa hapa. Kupanda mlima ni zoezi la mapaja na mapafu ambalo watu wa mijini kwingineko wanalilipia. Mzee wa Nyandira au Kinole ambaye hajawahi kuacha kupanda huwa na moyo na mapaja ambayo kijana wa mjini angeyatamani.

Lakini kazi na mazoezi vina kanuni tofauti. Mazoezi huanza kidogo, huongezwa taratibu, hugusa misuli yote, kisha hupumzishwa ili mwili ujijenge. Kazi ya shamba hufuata mvua. Msimu wa kupalilia mgongo huinama siku nzima juu ya jembe la mkono bila kupona, msimu wa kiangazi hulegea, na mzigo wa kushuka sokoni huamuliwa na mkungu ulivyo, hata goti likiwa limevimba. Misuli ya kujisimamisha pembeni ya nyonga, inayozuia kuanguka, jembe haliifikii sana. Na pale chakula kinapokuwa ndizi, magimbi au ugali na mboga za majani, bila maharage wala dagaa ya kutosha, mwili hauna cha kujengea unachobomoa. Mzee wa mlimani mwembamba mwenye mapaja yanayopukutika hahitaji kuambiwa atembee zaidi. Anahitaji chakula na mzigo mwepesi.

Kauli ya "pumzika", ambayo ni pacha wa hii, haihitaji kujadiliwa kwa kirefu baada ya hesabu ya siku zile 10 za kitandani. Heshima kwa mzee haidai anyang'anywe jembe na ndoo kwa siku moja. Kumpunguzia mzigo ni tofauti na kumkalisha.

Kupima hoja hizi

Utafiti wa 2011 unatoa jibu la karibu zaidi kwa wazee wenye kiribatumbo. Katika kipimo cha utendaji wa mwili, waliopunguza chakula pekee walipanda kwa asilimia 12, waliofanya mazoezi pekee 15, na waliofanya yote mawili 21. Kundi hilo la tatu lilipungua uzito kwa asilimia 9, karibu sawa na waliojinyima chakula tu, lakini likapoteza asilimia 3 tu ya nyama na asilimia 1 ya uimara wa mifupa ya nyonga. Watafiti haohao mwaka 2017 waliuliza swali linalofuata, mazoezi yapi, kwa wazee 160 waliokuwa wakipunguza uzito. Waliochanganya kutembea na mazoezi ya nguvu waliboreka kwa asilimia 21, huku waliofanya aina moja tu wakiboreka kwa 14. Kutembea pekee, ushauri unaotolewa kuliko wote, ndiko kulikoacha misuli ikipotea zaidi.

Tafiti hizo mbili zilifanyika Marekani kwa watu wasiolima, na haziwezi kuhamishiwa Mgeta kama zilivyo. Kwa mzee mzito wa mjini zinafaa moja kwa moja: apunguze sukari, soda na mafuta, si kitoweo, na asianze kupunguza chakula kabla hajaanza kuipa miguu kazi. Lengo la asilimia 5 hadi 10 ya uzito ndani ya mwaka linatosha kuleta nafuu gotini. Kwa mzee mwembamba wa mlimani, lengo la kupunguza uzito halipo kabisa. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa wenye ugonjwa wa figo, ambao kipimo chao huamuliwa na daktari. Kwa mtu wa kilo 55 hiyo ni karibu gramu 55 hadi 66, kiasi kisichofikiwa kwa ugali na mchicha. Maharage, mbaazi, dagaa na mayai hufika huko, na Mgeta ina hazina ya ziada: maziwa ya mbuzi walioletwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu miaka ya 1980. Maziwa hayo yanapouzwa yote mjini, mzee wa nyumba iliyoyakamua hubaki na chai ya rangi.

Mazoezi yenyewe hayadai ukumbi wala mashine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wazee wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya nguvu pamoja na kusimama imara siku 3. Kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 8 hadi 10, kisha kupumzika na kurudia. Kusimama kwa vidole huku mkono umeshika fremu ya mlango. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Kubeba ndoo mbili ndogo zenye maji sawa. Kwa mwenye goti bovu mlimani, mzigo ugawanywe safari mbili na fimbo ishikwe wakati wa kushuka, si wa kupanda tu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti lililovimba na kuwa la moto ni sababu ya kusimama na kwenda kituo cha afya.

Vikwazo vilivyobaki ni vya mazingira zaidi ya maarifa. Mwaka 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa, na vikundi vya jogging vikapata nguvu mijini. Lakini siku moja kwa mwezi haijengi paja, na mbio za alfajiri barabarani, kati ya pikipiki na mitaro isiyofunikwa, si mahali pa bibi wa miaka 72. Sera inampa mzee asiyejiweza matibabu bila malipo na dirisha lake hospitalini, ila dirisha hilo hutoa zaidi vidonge vya maumivu. Wataalamu wa mazoezi tiba wako zaidi katika hospitali kubwa, na nauli ya kutoka Mgeta hadi mjini kila wiki ni ya kujiuliza mara mbili. Kumfundisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii mazoezi manne ya kitini kungegharimu kidogo kuliko dawa za mwaka mmoja, na kungewafikia wazee walipo.

Kipimo anachohitaji mhudumu huyo ni kiti imara na saa. Mzee huinuka na kukaa mara 5 mfululizo, mikono imekunjwa kifuani. Akichukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, misuli yake inahitaji kazi na chakula kabla ya jambo lolote kuhusu uzito. Mizani ije baada ya hapo, na isomwe kwa jicho la pili: kwa aliyekusudia kupungua, sekunde za kitini zisiongezeke kilo zinaposhuka; kwa asiyekusudia, kupungua kwa asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, ni sababu tosha ya kumteremsha hospitali akachunguzwe.